Vidonge vya Dokta

Msimu wa harusi ukikaribia, maduka ya vitambaa hayana adabu. Watu husukumana kana kwamba nguo zinagawiwa bure, kila mmoja ameshika kipande anatafuta rangi ya kufanana nacho, na wauzaji wamesahau kutabasamu tangu asubuhi. Katika vurugu hiyo, Jumamosi moja, alikuwamo fundi wa magauni ya harusi, mwanamke mrembo wa rangi ya maji ya kunde. Alivaa blauzi ya mikono mirefu na kofia pana, ingawa humo dukani hapakuwa na jua, na poda yake ilikuwa imezidi kidogo mashavuni. Alilipia jora zima la satini nyeupe, akalikumbatia, akageuka aondoke. Hapo ndipo vidole vilipomgomea. Jora likamponyoka, likabingirika likifunguka katikati ya miguu ya watu, likaenda kugota kwenye kiatu cha mwanamume aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

Mwanamume huyo alikuwa amekuja kutafuta kitambaa cha njano cha kaptula za mpira. Akachutama, akaanza kulikunja jora taratibu kuelekea aliposimama mwenye jora, akiwaamuru watu wanyanyue miguu, na watu wakatii.

"Fundi mzima unaangusha satini?" akamuuliza alipomfikia.

"Na wewe mzima unaikunja kama mkeka," akajibiwa.

Mwanamume alicheka hadi muuzaji naye akacheka. Alikuwa na mabega ya mchezaji na anachechemea mguu mmoja, na shati lake lilipigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, yaani yeye mwenyewe. Alimbebea fundi jora mpaka kwenye karakana yake ya kushonea, na kwa kuwa alishafika, akaacha na kazi ya kaptula.

Mtaa mzima ulimwita Dokta. Msije mkadhani alisomea. Mchana aliuza vigae katika duka la vifaa vya ujenzi, na jioni alikaa kwenye benchi la timu ya mtaa na mkoba wa dawa, akikanda mapaja, akifunga vifundo vya miguu na kugawa vidonge vya maumivu. Yeye mwenyewe alivimeza kila siku kwa ajili ya goti lililomkatisha mpira. Aliviamini vidonge hivyo kama wengine wanavyoamini chai ya asubuhi, na wachezaji walimwamini yeye.

Kaptula zenyewe zilikuwa chache, lakini Dokta alizifuatilia kama mtu aliyeagiza suti ya waziri. Asipokuja, hupiga simu.

"Kaptula zangu vipi?"

"Unaulizia kaptula au unaniulizia mimi?"

"Usijipendekeze. Kaptula kwanza."

"Basi zimekwisha. Usisumbuke kuja, nitamtuma mtu akuletee."



"Fundi," Dokta akasema kwa sauti ya chini, "hebu ifumue moja."

Wakapendana hivyo, kwa kucheka. Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha, nalo alilificha chini ya poda na kofia. Alikuwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kumlinda mtu, humgeukia yeye mwenyewe. Jua lilimtoa vipele mashavuni. Asubuhi viungo vya vidole vilivimba, mkasi ukawa mzito. Daktari wake alishamweleza kwamba ugonjwa huu huziingilia figo kimyakimya, kwamba zake zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo, na kwamba vidonge vya maumivu vya kununua dukani asiviguse kabisa, maana ndivyo vingezimaliza. Dada yake mkubwa, waliyekuwa wakiishi naye, alimhimiza kila siku amwambie Dokta. Fundi alijibu kwamba alimwambia mchumba wake wa kwanza, naye akasema anakwenda kuzungumza na wazazi wake, na mpaka leo anazungumza nao.

Asubuhi moja Dokta alimkuta kwenye cherehani, mkono umekataa kukunjika. Alipoulizwa, Fundi alisema ni uchovu wa kushona. Uso wa Dokta ukang'aa, kwani hiyo ilikuwa kazi anayoiweza. Akavuta kigoda, akamkanda kidole kimoja kimoja kwa upole ambao wachezaji wake hawakuwahi kuuonja, kisha akafungua mkoba, akatoa vidonge vya rangi ya waridi.

"Kunywa kimoja baada ya kula, laazizi. Kesho utanishukuru."

Fundi alikitazama kile kidonge. Maneno ya kusema yalikuwa machache tu, na mwanamume mwenyewe alikuwa hapo mbele yake, bado ameshika mkono wake. Alikimeza.

Na kesho yake, kweli, vidole vilifunguka. Vidonge hivi ndivyo vinavyowaponza watu, kwa sababu maumivu vinayaondoa. Fundi alikata gauni zima bila kupumzika, akampigia simu akamwambia amemponya, na Dokta akalitangazia benchi zima. Tangu siku hiyo kila alipokuja alileta pakiti, kama wanaume wengine wanavyoleta maua. Fundi alizipokea, akameza, akashukuru. Alijiambia ataacha msimu ukiisha. Alijiambia mengi.

Miezi ikapita. Uso wa Fundi ukajaa, miguu ikavimba hata viatu vikawa havimwingii, na mkojo ukawa na povu ambalo aliharakisha kulimwagia maji. Dokta aliona unene akadhani ni raha. Alimtania kwamba mapenzi yamemkubali. Siku alipompeleka nyumbani kwao kumtambulisha, mama yake Dokta alimpokea vizuri, akamkalisha, akaitazama ile miguu, kisha akamwita mwanawe jikoni. Dokta alirudi macho yanameta. Akamsubiri mpaka wakatoka, wakawa peke yao kwenye ngazi.

"Mama ana macho," akasema. "Anasema tumeshakuwa watatu."

 Fundi angependa liwe kweli kuliko kitu chochote duniani.

"Hakuna wa tatu, mpenzi. Nimenenepa tu. Unanilisha mno."

Dokta aliinama kidogo akaimeza habari hiyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akasema yeye alitaka kumwoa kabla hata ya kuambiwa watatu, na wawili wanatosha kuanzia. Fundi akamwomba wangoje msimu uishe, kwa maana gauni lake mwenyewe hataki kulishona kwa haraka. Walikubaliana hivyo, na Dokta alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Msimu haukuisha. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo la bibi harusi, pini ziko mdomoni, pumzi ikamkata. Waliokuwapo walimtoa zile pini, wakamlaza, wakaona midomo inabadilika rangi. Hospitali walisema maji yamejaa mwilini hadi kwenye mapafu, kwa sababu figo zimeshindwa kuyatoa. Dada akakimbia nyumbani kuchukua nguo, na kwenye droo ya nguo akazikuta pakiti, tupu na nzima, akazileta zote.

Dokta alifika na vumbi la vigae bado limemganda mikononi. Daktari wa figo, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, alikuwa amesimama kwenye korido na zile pakiti.

"Hivi vidonge alikuwa akipewa na nani?"

"Na mimi," alisema Dokta.

Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimweleza kwamba mgonjwa ana lupasi ya muda mrefu, kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kuzila figo, na vidonge vile viliusaidia. Kwa kiasi gani, hakuna anayeweza kusema. Sasa damu itasafishwa kwa mashine. Dokta akauliza mpaka lini. Akajibiwa kwamba ni mpaka apatikane mtu wa kumpa figo, na kundi la damu la dada yake haliendani na la mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyolijua jina la ugonjwa wa mwanamke aliyetaka kumwoa, kwenye korido, kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Alitoka nje na hakurudi.

Fundi alipozinduka alimuulizia. Kesho yake alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Alipiga tena na tena. Baadaye akamweka Dokta kwenye fungu moja na yule mchumba wa kwanza, akalia hadi mto ukalowa, akamwambia dada aifute namba yake. Dada akajifanya ameifuta.

Lakini Dokta hakuwa amemkimbia. Alikuwa katika hospitali nyingine, amekunja mkono wa shati, anatolewa damu. Alikuwa ameamua kutoa figo yake, na aliona haya kusimama mbele ya Fundi kabla hajawa na kitu cha kumpa. Wakampima leo hiki, wiki nyingine kile, naye akavumilia akijua mwisho wake utakuwa mzuri. Haukuwa mzuri. Walimweleza kwamba figo zake hazifai kutolewa, zimechakaa kuliko umri wake, na walipomuuliza anatumia dawa gani, akawatajia za goti. Walimwonya aziache mara moja kama hataki kulala kwenye mashine yeye mwenyewe.

Ndipo alipokwenda. Alimkuta Fundi kwenye kiti kirefu, shuka limemfika kifuani, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Hakuwa na poda. Mashavu yalikuwa na wekundu ambao Dokta hakuwahi kuuona katika mapenzi yao yote. Alisimulia kila kitu amesimama, bila kujitetea: mahali alipokuwa, majibu aliyopewa, kwa nini simu hakupokea. Fundi alipoelewa kwamba hakuwa ameachwa, machozi yalimtoka kwa furaha, na furaha hiyo haikudumu.

"Nimekuja na neno moja," Dokta akasema. "Nataka kukuoa. Hata hapahapa."

Fundi alimtazama. Yule mcheshi wa dukani hakuwapo tena. Huyu alisimama kichwa chini, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Unataka kunioa, au unataka kulipa?"

"Nimekuangamiza kwa mkono wangu huu. Nikikuhudumia maisha yangu yote, bado sijalipa."

Fundi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa daktari wake na dada. Angenyamaza, angempata mume asiyemwacha kamwe, mume wa kuinama mbele yake mpaka kufa. Na alimtaka, jamani, alimtaka mno.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Vidonge. Tangu kile cha kwanza. Nilikatazwa hata kabla hatujaonana."

Dokta alikaa kitandani kwa mgonjwa wa jirani bila kuomba ruhusa.

"Na ukameza?"

"Ningekataa, ungeuliza kwa nini. Ningekwambia kwa nini, ungeondoka."

"Hukunipa nafasi ya kuondoka," alisema polepole. "Wala ya kubaki. Ulikaa ukanitazama nakupa sumu, nikikwambia kunywa laazizi, na wewe unanishukuru. Mimi nimelala macho wazi tangu siku ile. Nimejiita muuaji. Na ulijua."

Aliinuka, akatoka, na mlio wa mguu wake unaochechemea ulisikika koridoni mpaka ukaisha. Dada alipopewa habari alishika kichwa, akauliza ni kitu gani kilichomtuma kusema sasa, baada ya kuficha kote kule. Fundi alijibu kwamba hakutaka mume mfungwa. Kisha akageukia ukutani na kulia, kwa sababu alikuwa amemtaka hata huyo mfungwa.

Siku za mashine zikaendelea kuja. Kila aliposikia hatua mlangoni aliinua shingo, na kila mara alikuwa mtu mwingine, aliyemjia mgonjwa mwingine. Cherehani iliuzwa. Wateja walihamia kwa mafundi wengine, wakawa wanatuma salamu. Fundi alianza kujizoeza kutokuinua shingo.

Ndiyo maana siku Dokta alipokuja, Fundi hakumwona mpaka alipovuta kiti.

"Bado nina hasira nawe," Dokta akasema.

"Kaa nayo hapahapa."

Akakaa.  Halafu, kwa mafungu mafungu, alimweleza kwamba ule mkoba ameutupa, kwamba wachezaji anawatuma hospitali nao wanamlalamikia, kwamba mtaani bado wanamwita Dokta na kila wakimwita anageuza njia. Habari za harusi hakuzigusa, na Fundi hakuuliza. Habari za figo hazikuwapo.

"Unaumia?" Dokta akamuuliza.

Neno hapana lilikuwa limeshafika midomoni, na tabasamu lake, kama siku zote.

"Ndiyo," Fundi akasema. "Naumia sana."

"Wapi?"

Akamwonyesha: vidole, magoti, mgongo, mahali sindano ilipoingia. Alivitaja vyote, na ilimchukua muda. Dokta alisikiliza mpaka mwisho, mikono mitupu juu ya mapaja, hana cha kumpa.

"Na mimi hili goti," akasema, "usiku silali."

Akasogeza kiti kikagusana na cha Fundi, wakakaa hivyo, wote wawili wanaumia, mpaka muuguzi alipokuja kuizima mashine.