Diski Iliyokufa kwa Joto

Kompyuta ilikuwa bado ya moto walipoifungua. Mtaalamu wa maabara ya polisi aliondoa mfuniko wa pembeni, akapeleka mkono ndani, kisha akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Imekufa," alisema.

"Kompyuta?" aliuliza Inspekta.

"Kompyuta ni nzima. Diski ndiyo iliyokufa. Na picha zote zilikuwa humo."

Ndani ya diski hiyo, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa, kulikuwa na picha pekee, zilizonaswa na kamera ya duka, za lori la kokoto lililomgonga na kumuua mtoto wa kike wa miaka mitano. Dereva alishikilia kwamba mtoto alikatiza barabara ghafla. Aliyempinga alikuwa mmoja tu: dada wa marehemu, msichana wa darasa la sita. Kesi ilikuwa isikilizwe wiki hiyo. Nakala ya mahakamani ilitakiwa ichukuliwe na mtaalamu, na mtaalamu ndiyo kwanza alikuwa amefika.

"Haiwezi kufa yenyewe?"

"Inaweza. Lakini hii imesaidiwa." Alichomoa kwa koleo kibonge cheupe kutoka kwenye feni ya ndani, kisha kingine, na kingine. "Matundu yote ya hewa yamezibwa. Diski hutakiwa ikae chini ya nyuzi arobaini na tano hivi. Ikipita sitini, inaumia. Hii imekuwa ikirekodi tangu duka lilipofungwa Jumamosi, usiku na mchana, bila kupumua."

"Hakuna cha kuokoa?"

"Nitajaribu, afande. Ila usimwambie mtu asubiri."

Mwenye duka, mfamasia, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Mtaani walimwita Bwana Feni, kwa ajili ya mashine hiyo hiyo. Aliiweka mbali na ukuta, akaielekezea feni ya mezani, na aliyeegemeza mfuko karibu nayo alipigiwa kelele. Wateja walimtania kwamba wagonjwa wanatoka jasho huku kompyuta ikipepewa kama bibi harusi.

"Feni uliiacha inafanya kazi?" Inspekta alimuuliza.

"Siku zote, afande. Leo nimeikuta imezimwa, imegeuziwa ukutani. Na dirisha limefungwa."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana."

"Basi ni wewe."

"Mimi? Si mimi niliyewapigia simu kuwaambia kamera imeona?"

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Mfamasia alishusha mikono kichwani. "Jirani. Fundi cherehani. Tunaachiana funguo miaka mingi. Lakini huyo hawezi, afande. Huyo ndiye mama wa marehemu."

"Alizijua hizo picha?"

"Alizitazama. Ijumaa. Alinililia, nikashindwa kukataa."

"Na wewe ulizitazama?"

"Niliona lori likipanda kando ya barabara, kasi ya ajabu. Nikageuza uso. Nami nina watoto."

Inspekta alikitazama tena kile kibonge cheupe. Kilikuwa sufi, ile ya kujazia mito. Alijua tayari anakokwenda.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, mito iliyojazwa nusu imelala pembeni yake.

"Pole na kazi, mama."

"Asante, afande. Karibu."

Inspekta aliweka sufi juu ya meza ya cherehani. Miguu ya fundi ikaacha kukanyaga.

"Sufi inaruka," alisema fundi. "Hata kwenye chai naikuta."

"Hii haikuruka. Ilishindiliwa."

Fundi aliokota uzi mezani, akauzungusha kidoleni.

"Dereva amekutisha?"

"Hapana."

"Tajiri wake amekuja hapa?"

"Hajakanyaga."

"Ulijuaje kwamba joto litaiua?"

"Bwana Feni ametuhubiria miaka yote. Nani mtaani hajui?"

"Kwa nini, mama? Ulikuwa ukija kituoni kila siku. Uliitaka haki kuliko mimi."

Fundi aliinuka, akarudishia mlango, akabaki ameuegemea.

"Mwanangu mkubwa aliniambia alimshika mdogo wake mpaka mwisho. Kwamba lori ndilo lililomnyofoa mkononi mwake. Amewaambia ninyi, amewaambia walimu. Neno hilo ndilo linalompa usingizi."

"Na picha?"

"Alimwachia. Lori lilipokuja aliuachia mkono, akaruka nyuma. Mdogo wake akabaki pale, anageuka geuka, anamtafuta." Alijifuta uso kwa kitambaa cha kazi. "Ni mtoto, afande. Aliogopa. Hata wewe ungeruka."

"Hakimu angeelewa."

"Hakimu, sawa. Lakini mngezionesha mbele za watu, naye amesimama pale. Wakili wa dereva angemuuliza, mbona ulisema ulimshika? Nimezika mmoja. Nimebakiwa na huyu."

"Bila picha, maneno ya mfamasia hayatatosha. Dereva ataachiwa."

"Najua."

"Atapita na lori lake barabara hii hii."

"Najua! Unadhani sijui?"

Inspekta alitoa karatasi ya maelezo, akashika kalamu. Akiandika sababu, karatasi ingeingia kwenye jalada, na wakili wa dereva angeisoma. Asipoandika, mama huyu angehukumiwa na mtaa mzima.

"Niandike nini?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Andika ni mimi. Sababu iache."

"Watasema umehongwa. Watasema umeuza damu ya mwanao."

"Waseme."

Mlango ukasukumwa. Msichana aliingia na mkoba wa shule mgongoni, akamwona askari, akasimama wima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Bwana Feni analia. Anasema mtu ameharibu picha za mdogo wangu." Akamgeukia Inspekta. "Mmempata?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Tunachunguza," Inspekta alisema.

"Mkimpata, mtamfunga?"

Inspekta alitazama karatasi ya maelezo, bado tupu.

"Msijali," msichana aliwaambia wote wawili, kama anayewabembeleza. "Mimi bado nipo. Nitakwenda mahakamani niseme. Nitawaambia nilimshika. Sikumwachia hata kidogo."

Inspekta akafunika kalamu.

"Ndiyo, mama yangu," fundi akamwambia mwanawe, huku akimvua mkoba mgongoni. "Hukumwachia."