Kiti cha Shilingi Mia

"Usinizungushe, Andati. Bibi yako yuko wapi leo?"

"Nimekwambia mara tatu. Yuko nyumbani Lurambi, ananyonyesha."

"Na mara zote tatu umejibu ukiangalia sakafu."

"Basi na mimi nikuulize. Hiyo bunduki ni ya nini? Tulisema hakuna bunduki."

Protus alitazama kiuno chake kana kwamba kitu hicho kilikuwa kimejiweka pale chenyewe. "Ni ya kutishia."

"Kumtishia nani? Umesema hakutakuwa na mtu."

Protus aliifunika kwa shati. Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, Sichirai, hatua chache kutoka ukuta wa chuo kikuu. Mbele ya duka wanafunzi walipanga foleni kuchapisha kazi zao. Nyuma, kati ya mashine mbili mbovu, Protus alikuwa ametandaza karatasi yenye ramani ya penseli.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa kompyuta sitini. Zilikuwa mpya, zimefungwa wiki tatu zilizopita kwenye maabara ya chuo, ghorofa ya chini, mlango mmoja wa kupitisha mizigo. Wanafunzi maelfu walikuwa wakizigombania kuanzia alfajiri. Leo zingebaki peke yao. Ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni za uchaguzi wa wanafunzi, na kuanzia saa saba kila mtu angekuwa kiwanjani, askari wa chuo wakiwemo, kwa sababu mwaka uliopita viti vilirushwa.

"Wanzala anabandika karatasi mlangoni," Protus alisema. "Maabara imefungwa, mafundi wanakagua mitambo. Sisi ndio mafundi. Ovaroli ziko kwenye gunia. Tyson na mimi tunabeba. Andati anabaki kwa gari na kuangalia njia. Dakika thelathini tumetoka."

"Na mimi?" Wanzala aliuliza. Alikuwa fundi wa maabara ile, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni.

"Wewe tunakufunga kamba. Unapatikana unalia."

"Msinikaze sana. Nina presha."

Tyson alitabasamu. Alikuwa amebeba miwa miaka minane kabla hajaanza kubeba vitu vya watu, na shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa. Alizungumza mara chache.

Protus alimrudia Andati. Yeye mwenyewe alisoma chuo hicho miaka miwili kabla ya kufukuzwa kwa kumfanyia mwenzake mtihani, na alipenda kuongea polepole kama mhadhiri. "Huyo bibi yako anasoma pale. Akionekana leo, ni shauri yako. Tumesikizana?"

"Hataonekana."

Saa sita na dakika thelathini na tano.

Andati aliegesha kanta, lori dogo alilokodi kwa jina lake, nyuma ya duka la mbao na kumpigia mkewe, Sylvia. Simu ilikuwa imezimwa.

Asubuhi alikuwa amemkataza kutoka. Alisingizia kampeni na mabomu ya machozi. Sylvia alikubali upesi, bila kubisha, na Sylvia si mtu wa kukubali upesi. Tena alikuwa anapiga blauzi pasi. Mtu anayebaki nyumbani kunyonyesha hapigi blauzi pasi. Andati aliona na akanyamaza, kwa sababu angeuliza moja, angeulizwa mbili.

Kampuni ya miwa aliyoiendeshea lori ilikuwa imefunga milango. Sylvia alikuwa mwaka wa nne, muhula wa mwisho. Karo isipokamilika hakuna kadi ya mtihani, na bila mtihani miaka minne inabaki hadithi ya kusimulia wageni. Kompyuta yao ndogo ilikufa mwezi wa pili. Kitanda cha bweni Sylvia alikikosa tangu mtoto azaliwe, wakaenda kupanga chumba ambacho maji huja Jumanne. Protus alipomfuata na kusema dakika thelathini tu, unakaa kwa usukani, Andati alisikia kadi ya mtihani. Hakusikia kitu kingine.

Alijaribu simu tena. Imezimwa.

Saa saba na dakika kumi.

Askari wa lango aliona ovaroli za bluu, akaona karatasi yenye muhuri, akainua kizuizi kabla hawajasimama vizuri. Masikio yake yalikuwa kiwanjani. Kutoka huko vipaza sauti vilikuwa vikitikisa mabati.

"Komreeeeds!" sauti ilinguruma. "Mkinichagua, kila mwanafunzi atapata kompyuta yake!"

Umati ulijibu kwa filimbi.

"Awahi basi," Protus alisema.

Njia za chuo zilikuwa tupu. Nguo zilining'inia kwenye madirisha ya bweni. Pale kwa bomba ndoo thelathini zilisubiri maji kwenye mstari, zimeandikwa majina, hakuna mwenyewe hata mmoja. Andati hakuipenda ile hali. Mahali penye watu wengi hivyo pakinyamaza, kitu kinakuja.

Alizunguka jengo, akaanza kurudisha kanta nyuma hadi kwenye ngazi za maabara. Protus na Tyson waliruka chini, wakaingia. Andati alitazama kioo cha pembeni.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa na leso ya kijani, chupa ya chai, na mtoto mgongoni.

Alikuwa Mama Maximilla, aliyemzaa Sylvia. Alipaswa kuwa kwake Matungu, akipalilia.

Tangu Andati apeleke ng'ombe kwao, miaka mitatu sasa, hajawahi kusimama mbele ya mwanamke huyo. Hajamshika mkono, hajala naye meza moja, hajamwita kwa jina. Kwao mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Akija huku, wewe pita kule. Salamu hupelekwa na mtoto. Andati alikuwa amevunja sheria za serikali tangu lango la chuo, lakini hii hakuwahi hata kuifikiria.

Mama Maximilla naye aliona umbo kwenye kioo. Alivuta leso usoni, akageukia ukuta.

Mguu wa Andati ulikanyaga mafuta wenyewe. Kanta iliondoka kwenye ngazi, ikapinda kona, ikasimama nyuma ya jengo karibu na matangi ya maji.

Saa saba na dakika ishirini na mbili.

Tyson alitoka mlangoni na kompyuta nne kifuani. Hakukuwa na gari. Alisimama pale kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake. Kisha akakimbia hadi kona, Protus nyuma yake.

"Umeingiwa na nini?" Protus alifungua mlango wa kanta kwa nguvu. "Rudisha gari!"

"Siwezi."

"Limekufa?"

"Mama mkwe ameketi pale."

Tyson alicheka hadi kompyuta zikagongana. "Aki hata mimi singeshuka."

"Nyinyi ni wezi ama ni wazee wa ukoo?" Protus alifoka. Halafu akatazama upande wa ngazi. Macho yake yaliganda. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na hesabu hii haikuwa ndefu. "Mama mkwe wako anafanya nini hapa, Andati? Na huyo mtoto ni wa nani?"

Andati alikuwa ameshapata jibu. Mtoto haruhusiwi maabara. Nyanya ameitwa kutoka Matungu ashike mtoto. Mama wa mtoto yuko ndani.

Wanzala alitokea konani. Jasho lilikuwa limeloanisha kola.

"Protus. Kuna kitu kidogo."

"Sema."

"Kuna msichana kule ndani. Nyuma ya kabati, kiti cha pembeni."

"Ulisema umefunga!"

"Nilifunga. Lakini alibembeleza sana. Mradi wake unapokelewa mwisho leo saa kumi na moja, hana kompyuta... Nilijua atamaliza saa saba kasoro. Hakumaliza."

"Alikupa nini?"

Wanzala alitazama viatu vyake.

"Nimekuuliza alikupa nini!"

"Mia."

Hivyo ndivyo alivyoishi Wanzala. Maabara ikifungwa, yeye huuza viti. Mia kwa saa, wakati wa mitihani mia mbili, na alikuwa amefanya hivyo kwa miaka hadi mkono wake ulijipeleka wenyewe. Leo, siku ambayo angelala tajiri, alikuwa ameuza kiti kwa shilingi mia.

Protus alimzaba kofi. Kalamu moja iliruka.

"Amekuona?"

"Ameniona nikiwafungulia. Ametuona tukicheka. Ananijua, jina langu anajua." Wanzala alishika shavu. "Nimemfungia chumba cha betri, kile cha mlango wa chuma."

Andati alikuwa ameshuka. "Ni bibi yangu."

"Tunajua ni nani," Protus alisema.

"Basi anatoka. Nitaongea naye. Hatasema."

Wanzala ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ile ya upole aliyotumia kuwaambia wanafunzi kwamba printa imekwisha wino. "Akibaki, mimi nimekwisha. Nina watoto watatu. Polisi wakimkalisha dakika tano atasema. Nyinyi mtakimbia, mimi nakimbilia wapi? Protus, huyu hawezi kubaki."

Walimgeukia wote. Mtu mwenye presha, aliyeomba kamba isikazwe.

Kiwanjani mgombea mwingine alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa anaahidi vitanda.

"Hakuna atakayemgusa," Protus alisema hatimaye. Aliweka mkono begani mwa Andati. "Sikiza, ndugu yangu. Tunapakia. Tunamweka nyuma na mizigo. Tunapitia msituni, tunamwacha kwa barabara ya miti, anatembea zake. Jioni unaongea naye mwenyewe. Sawa?"

"Kwa nini msituni?"

"Tupate muda tu."

Andati alimtazama Tyson. Tyson alikuwa ameweka kompyuta chini, akikunja ile kamba iliyoletwa kwa ajili ya Wanzala. Aliikunja vizuri, taratibu, na hakuinua macho.

"Rudisha gari kwa ngazi," Protus alisema. "Tyson atamwondoa huyo mama. Dakika tano."

Waliingia ndani kwa mlango wa fundi wa nyuma, mwembamba mno kwa mizigo, Wanzala akiongoza na funguo zake.

Saa saba na dakika thelathini na moja.

Andati alipanda kwenye usukani. Alitia ufunguo. Hakuuzungusha.

Angeweza kuingia. Protus alikuwa na bunduki, Tyson alikuwa na mikono ile. Angeweza kupiga simu. Polisi wangefika, kama wangefika, kanta ikiwa imeshapita Shinyalu na kuingia msituni. Angeweza kuendesha kama alivyoambiwa na kutumaini. Alilijaribu hilo la mwisho kichwani, akamwona Tyson akikunja kamba.

Alichomoa ufunguo. Aliutupa ndani ya tangi la maji, akausikia ukizama. Kisha akapinda kona kwa miguu, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi.

Mama Maximilla alisikia hatua. Alijikunja, leso usoni, akampa mgongo.

"Mama."

Mgongo ulishtuka.

"Mama, ni mimi. Andati. Niangalie."

"Toka hapo, baba," alisema kwa ukuta. "Unataka tulaaniwe na mtoto akiwa mgongoni?"

"Sylvia amefungiwa humo ndani. Kuna watu na bunduki, wanataka kumpeleka msituni. Mimi ndiye nimewaleta."

Vipaza sauti viliendelea kiwanjani. Kisha leso ilishuka. Mama Maximilla aligeuka na kumtazama mkwewe usoni, macho kwa macho, mara ya kwanza maishani. Hakuwa na machozi. Alimtazama kama mtu anayesoma bei.

"Wewe?"

"Mimi. Piga mayowe, mama. Wale wa kiwanjani wasikie."

Hakuuliza la pili. Alifungua fundo kifuani, akamvuta mtoto kutoka mgongoni na kumsukuma mikononi mwa Andati, vidole vyao vikagusana. Alisimama. Aliweka mkono kichwani kama wanavyofanya wanawake wa Matungu nyumba ikiungua.

"Uuuuwiiii! Wezi! Uwiiii! Wanaua mtoto wangu!"

Sauti ile haikutoka kooni. Ilipita juu ya bweni, juu ya ndoo. Mtoto alianza kulia. Mama alivuta pumzi na kupiga tena.

Kipaza sauti kiwanjani kilikata katikati ya neno.

Halafu ardhi ilianza kutikisika. Kila aliyekulia sehemu hizo anajua kishindo cha miguu inayokuja kwa mayowe. Ilikuwa maelfu ya miguu.

Mlango wa maabara ulifunguka kwa kishindo. Protus alitoka, bunduki mkononi, akatafuta kanta, akamwona Andati na mtoto, akaelewa. Aliinua bunduki. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wameshatokea konani na mawe. Protus alipiga hesabu yake ya mwisho na kukimbilia ukuta wa nyuma. Tyson alikuwa amemtangulia. Umati uligawanyika kuwafuata kama maji.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Wanzala, nyembamba, ikihangaika na kufuli. "Nimekufungulia, sivyo? Useme ni mimi nimekufungulia!"

Sylvia alitoka. Blauzi ilikuwa imechanika begani. Aliona ovaroli ya bluu kwanza, kisha mtoto, kisha uso wa mumewe. Alinyosha mikono kumchukua mtoto.

"Vua hiyo nguo," Mama Maximilla alimnong'oneza Andati. "Vua haraka, ukae hapa na mtoto. Mimi sijaona kitu."

Ilikuwa rahisi. Vifungo vitano. Baba na mtoto wake kwenye ngazi.

Lakini kanta ilikuwa nyuma ya jengo, na namba zake zingewaleta polisi kwake kabla ya jua kutua. Na wakimkosa, wangemuuliza nani? Mke wa dereva, ndani ya maabara iliyofungwa, saa ya wizi. Wanzala angeapa kwamba Sylvia ndiye aliyewafungulia mlango. Chuo kingempa barua ya kumfukuza kabla polisi hawajamaliza chai.

Alimrudishia Sylvia mtoto. Askari wawili wa chuo walikuwa wanakuja mbio, rungu mikononi, kundi la wanafunzi nyuma yao. Andati alishuka ngazi kwenda kuwalaki, na vifungo vyote vitano vikiwa vimefungwa. Alipiga magoti kwenye changarawe, mikono juu ya kichwa.

"Mimi ndiye dereva wao," alisema kwa sauti kubwa, kabla hajaulizwa. "Huyo msichana alikuwa anafanya kazi yake ya shule. Hajui kitu. Andika hivyo."