Raketi Iliyopinda kwa Ajili Yangu

“Hivi Thelma, una uhakika gani kwamba ni yeye?”

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Glenys, Alhamisi moja, birika la chai likiwa kati yetu na keki ameikata vipande vyembamba kama kawaida yake.

“Yeye nani?”

“Usinichezee, shoga. Huyo Desmond wako. Jumapili mbili sasa Kasisi anatangaza ndoa yenu pale mbele, anauliza kama kuna mtu mwenye kizuizi. Imebaki Jumapili moja tu.”

“Anajua kila kitu cha siku ile.”

“Kila kitu ulichokiandika mwenyewe kwenye simu!”

“Rangi ya utepe sikuiandika, Glenys. Akaitaja. Kijani.”

Glenys akaweka kikombe chini taratibu.

“Wewe si ulisema siku ya utepe huyo kijana hakutokea? Sasa kama hakutokea, utepe aliuonea wapi?”

Nikajikatia kipande kingine cha keki.

Niwaeleze. Mimi ni mjane. Marehemu Wilf, fundi bomba, mtu mwema, tuliishi pamoja miaka thelathini na nane, nikamzika na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Baada ya hapo nyumba ikawa kimya mno. Binti yangu akaniwekea kwenye simu ukurasa wa watu wanaokumbuka tenisi ya wanawake enzi za raketi za mbao, nikapata pa kupiga soga. Wazee watupu, kutwa kubishana.

Mmoja anaandika: “Wa siku hizi wanapiga kama wanapasua kuni. Wa kwetu walikuwa wanashona.”

Mwingine anamjibu: “Acha uongo, babu. Wewe ulikuwa unaangalia sketi.”

Basi na mimi nikaandika langu. Kiangazi cha mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na minane, nilikwenda kumwona Coralie Venn, yule Mwaustralia, akicheza hapa hapa mjini kwetu, pwani ya Sussex. Seti ya tatu yakaanza manyunyu, na mwamuzi akakataa kusimamisha mchezo. Mipira ilikuwa myeupe siku zile, ikawa ya kijani kwa nyasi mbichi. Kijana aliyekaa kushoto kwangu akafunua koti lake la mvua akatukinga. Chini palikuwa na dimbwi, naye akachukua kibanio cha raketi yake, ile fremu ya mbao yenye skrubu nne inayozuia raketi isipinde, akaniwekea chini ya miguu viatu visilowe. Na chini ya koti lile mkono ukaushika mkono wangu. Haukuuachia mpaka pointi ya mwisho. Upande wa pili sikumbuki hata alikaa nani.

Tulipoachana kijana aliniambia, “Kaa na kibanio, kesho niletee getini saa nne.”

Nikaenda. Nimesuka nywele, nimekifunga kibanio utepe. Nikasimama mpaka saa nane mchana. Hakuja mtu. Kibanio ninacho mpaka leo.

Siku mbili baada ya kuandika hayo, simu ikalia. Ujumbe: “Bi Thelma, utepe ulikuwa wa kijani. Ule mkono ulikuwa wangu. Desmond Pilbeam.”

Nililia mbele ya jiko, viazi vikaungua.

Desmond ni mstaafu wa posta, mpole, viatu vyake vinang'aa. Tulianza kwa ujumbe, tukaja kwenye chai, tukaja kwenye matembezi kando ya bahari, mwisho tukaja kwa Kasisi. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila tukikaa, iwe kwenye basi, iwe mgahawani, lazima ahamie kulia kwangu. Siku moja nikamuuliza:

“Kwani sikio lako la kulia limekufa?”

“Yote yanasikia,” akasema akitabasamu. “Ni mazoea.”

Kwa kweli mtu huyu sikuwa na shaka naye. Mpaka Alhamisi ile ya Glenys.

“Mwambie alete raketi,” Glenys akasema. “Kibanio unacho wewe, raketi anayo yeye. Mimi nilikuwa bingwa wa klabu miaka mitatu mfululizo. Nitaiangalia tu.”

Ijumaa Desmond akaja nayo, ameifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Glenys akaipokea, akafumba jicho moja, akaitazama kwa ubavu.

“Imenyooka kama rula.”

“Asante,” Desmond akasema.

“Usinishukuru. Kibanio kiko kwa Thelma tangu mwaka ule?”

“Ndiyo.”

“Na raketi ikakaa kwako bila kibanio, kwenye unyevu wa bahari yetu hii, karibu miaka hamsini?”

Desmond akaanza kulikunja taulo.

“Yangu niliisahau nje ya kibanio majira ya baridi moja tu, mzee wangu. Moja! Ikajikunja kama ganda la chungwa. Hii yako imelelewa na malaika?”

Nilimwona Desmond akiwa mwekundu mpaka masikioni. Wilf alikuwa hivyo hivyo akinaswa kwenye uongo, lakini wa Wilf ulikuwa uongo wa sigara.

“Desmond,” nikasema. “Sema.”

“Nimeinunua mwezi uliopita. Kwenye duka la mitumba, Lewes.”

“Nilijua!” Glenys akapiga meza.

“Glenys, tafadhali. Desmond, ile yenyewe iko wapi?”

“Hastings. Kwa kaka yangu Roland.”

“Kwa nini iko kwake?”

“Kwa sababu ilikuwa yake.”

“Na kibanio?”

“Chake.”

“Na koti?”

“Alilivaa yeye.”

“Sasa chako ni kipi, Desmond?”

Akaitazama mikono yake, kisha akaiweka mapajani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu.

“Muulize Roland. Nikikujibu mimi, utaona najitetea.”

Akaniandikia anwani, akavaa kofia, akaondoka. Raketi akaiacha mezani.

“Shoga, umeponea chupuchupu,” Glenys akasema. “Mwite Kasisi leo hii.”

“Kwanza nikamwone huyo Roland.”

“Ukamwone wa nini? Mwongo si umeshamjua?”

Nikaenda kuosha vikombe. Jioni nilipiga magoti nikabaki hivyo hivyo, maana sikujua niombe nini. Nimwombee nani? Nimlaani nani?

Jumamosi asubuhi nikapanda treni, kibanio mkobani.

Mlango ulifunguliwa na mzee mnene mwenye sauti ya kuita mbwa. Kidevu chake kina kishimo. Kidevu kilekile cha yule kijana wa koti! Huyu ndiye niliyemwota.

“Karibu, shemeji! Au siyo shemeji tena? Des kanipigia simu analia.”

“Unanikumbuka, Bwana Roland?”

“Hapana.”

Hata hakufikiri. Nikapita, nikakaa kwenye kochi bila kuambiwa.

“Lakini mechi ninaikumbuka!” akaendelea. “Coralie Venn! Gemu ya tisa, yuko nyuma thelathini kwa arobaini, akadondosha mpira nyuma tu ya wavu, kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. Hakuna anayeweza hiyo leo. Raketi zao zimekuwa bunduki.”

“Ulinikinga na koti lako.”

“Koti ndiyo. Lilikuwa la baba, zito kama kondoo.”

“Ukaniwekea kibanio miguuni.”

“Inawezekana. Kilikuwa kinanisumbua.”

Kinamsumbua! Nami nimekifuta vumbi maisha yangu yote.

“Halafu ukanishika mkono.”

Roland akacheka mpaka akakohoa.

“Kwa mkono upi, mama wewe? Nilikuwa nimelinyanyua lile koti juu ya vichwa vya watu watatu, mikono yote miwili! Mabega yaliniuma wiki nzima.”

“Watatu?”

“Wewe katikati, mimi huku, Des kule. Kulia kwako. Kijana wa miaka kumi na saba, miwani minene kama vitako vya chupa, na mkate wake wa mayai. Hasemi kitu.”

Nikautazama mkono wangu wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ni huo ulioshikwa. Na sikuwahi kumwambia mtu ni upi, si kwenye simu, si Glenys, wala Wilf.

“Na getini? Mbona hukuja?”

“Nilikuwa na mchumba! Nikamtuma Des akachukue kibanio. Akarudi mikono mitupu, macho mekundu. ‘Roland, amekifunga utepe wa kijani, amesuka nywele, anakusubiri wewe, ningemwambia nini?’ Alijificha nyuma ya gari la aiskrimu mpaka ulipoondoka. Nikamzaba kofi.” Akanyoosha kidole ukutani, kando ya mlango wa choo. “Na raketi ile pale, sikuinunulia kibanio kingine. Imepinda kwa ajili ya mapenzi ya mdogo wangu.”

Niliitazama. Kichwa cha raketi kilikuwa kimejipinda kama mtu anayegeuka kumwangalia aliyempita.

Nikafungua mkoba, nikampa kibanio chake.

“Cha nini sasa?” akasema. “Hiyo hainyooki tena.”

“Ni mali yako, Bwana Roland.”

Kwenye treni simu ikatetemeka. Desmond: “Umesafiri salama? Uliandika habari za kijana mmoja, Thelma. Mimi nilikuwa nusu yake. Nikaogopa nusu haitakutosha.”

Nikamjibu: “Jumapili kanisani.” Sikuweza zaidi.

Nilikuwa kama yule mzee kipofu wa kwenye Maandiko, aliyepapasa mikono ya mwanawe na kusikia sauti isiyolingana nayo. Uso niliouota ni wa Roland, ambaye hanijui. Mkono ni wa Desmond, ambaye sikumtazama hata mara moja. Sasa nilimpenda nani mwaka ule? Na huyu wa sasa, aliyeninunulia uongo dukani akaufunga taulo, na aliyeniacha nisimame juani masaa manne, nimfanyeje? Kila nikikasirika, mkono wa kulia ulikuwa hautaki kukasirika.

Jumapili Glenys alikaa kushoto kwangu kama miaka yote, mwavuli magotini. Desmond alikaa nyuma kabisa, peke yake, karibu na bakuli la ubatizo. Kasisi Rosamund akafungua daftari.

“Natangaza mara ya tatu na ya mwisho ndoa ya Desmond Pilbeam na Thelma Ockenden, wote wa parokia hii. Kama kuna yeyote anayejua sababu ya halali ya kuwazuia, aseme sasa.”

Nilisikia bomba la maji likigonga ukutani.

“Mimi ninayo!”

Glenys alikuwa amesimama. Kasisi akavua miwani. Nadhani tangu apewe daraja la ukasisi hakuwahi kujibiwa.

“Sababu gani, Bi Glenys?”

“Raketi siyo yenyewe!”

Mtu wa kwaya akacheka, akajifanya anakohoa.

“Bi Glenys,” Kasisi akasema kwa upole, “sheria inataka kujua kama mmoja wao ana ndoa nyingine, au ni ndugu wa damu. Raketi haimo.”

“Lakini amemdanganya! Muulizeni Thelma mwenyewe!”

Macho yote yakanigeukia. Nikasimama.

“Glenys anasema kweli,” nikasema. “Raketi siyo yenyewe.” Kisha nikageuka nyuma. “Desmond. Siku ile ulikuwa nyuma ya gari la aiskrimu?”

“Ndiyo.”

“Masaa yote manne?”

“Yote.”

“Kwa nini hukutoka?”

“Hukuwa unanisubiri mimi.”

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Mchanganyiko wa kutosha kumwangusha mtu, na watu wanasubiri niseme, na mimi sijui. Nikakaa chini.

“Njoo ukae,” nikasema. “Nimechoka kukuona mbali.”

Sikumwambia akae wapi. Njia ya katikati ilikuwa upande wa kushoto, upande wa Glenys, na Glenys hakusogea. Nikafumba macho, nikaweka viganja vyangu vyote viwili kwenye benchi. Nikasikia viatu vyake vikipita, vikazunguka mbele kabisa ya madhabahu, vikarudi kwa njia ya ukutani. Benchi likalia upande wa kulia. Kisha mkono ukaja, ukaushika mkono wangu wa kulia, ukatulia.

Nilimpenda nani mwaka 1975? Mungu anajua. Lakini mkono ule nilikuwa ninaujua.

“Usininunulie tena kitu cha zamani,” nikamnong'oneza bila kufumbua macho.

“Sitanunua.”

“Na ukiwa na la kusema, toka nyuma ya gari.”

“Nitatoka.”

Kasisi akafunga daftari. “Sababu ya halali sijaisikia,” akasema, akatangaza wimbo.

Watu wakasimama kuimba. Glenys akaniinamia sikioni.

“Na Alhamisi, Thelma? Chai nitakunywa na nani?”

“Na sisi wawili, shoga.”

Akaitazama mikono yetu kwa muda mrefu, midomo ameibana. Akafunga kitabu chake cha nyimbo, akakiweka mahali pake, akachukua mwavuli, akatoka kabla wimbo haujaisha.