Kiti Kilichoonekana Kwenye Picha

Kila jioni Muchiri alikata nyasi ya ng'ombe kwa panga nyuma ya boma lao huko Tetu. Siku moja panga liliteleza likamkata kidole gumba. Tangu hapo kazi hiyo ilimwangukia mkewe, Warigia, baada ya kuchuma chai kutwa nzima. Basi wakauza mtamba wao, ambaye hakuwa amezaa bado, ili wanunue mashine ya kukata nyasi. Hawakuwa na mtamba mwingine wa kuuza.

Warigia aliona mashine kwenye simu. Bei ilikuwa nafuu. Muuzaji alimwandikia kwa Kikuyu, akamwita Mama Tabby, jina lililokuwa kwenye simu yake, kama jirani, akasema duka lake liko Nyeri mjini. Alitaka alipwe pesa zote kabla ya saa sita, kwa sababu bei hiyo ilikuwa ya siku moja tu.

Asubuhi hiyo Warigia alikuwa mjini, katika duka la vifaa vya kilimo la Jigna, alikozoea kununua chumvi ya ng'ombe. Alimwomba Jigna asubiri kidogo amalize kulipia mashine kwa simu, akamwonyesha picha ya mashine kwa furaha.

Jigna aliitazama. Kisha akageukia kona ya duka. Baba mkwe wake alikuwa akisoma gazeti kwenye kiti cha mbao, ambacho mkono wake mmoja ulifungwa kwa waya.

"Mama Tabby, hicho kiti nyuma ya mashine unakijua?"

Warigia alitazama picha, akatazama kona. Waya ulikuwa ule ule.

"Kwani huyu muuzaji ni wewe?"

"Si mimi. Huyo amechukua picha kwa ukurasa wa duka letu. Hebu angalia jina la mwenye kupokea, kabla hujaweka namba ya siri."

Jina halikuwa la duka lolote. Warigia alifuta malipo. Alisema ati yeye ni mjinga. Jigna alikataa, akasema watu hao wanajua kuongea, na haraka ndiyo mtego wao.

"Ukienda kununua ng'ombe, unalipa kama hujamwona?"

"Aa, haiwezekani. Lazima akamuliwe nikiona. Jioni, na tena asubuhi."

"Basi mwambie huyu pia akamue."

Mzee alicheka nyuma ya gazeti. Warigia akampigia muuzaji simu ya video, akamwomba aiwashe mashine aione ikikata. Muuzaji alisema mtandao ni mbaya. Alipoulizwa duka liko barabara gani, alikata simu, na hakupatikana tena.

Jigna alimweleza mengine bila haraka. Kama angekuwa ametuma pesa, angepaswa kupigia kampuni ya simu mara moja, kisha kwenda polisi na ujumbe wote bila kuufuta. Na namba ya siri haiambiwi mtu, hata akisema anatoka benki.

Bei ya mashine za Jigna ilikuwa kubwa kuliko pesa ya mtamba. Hata hivyo alimsaidia kutafuta nyingine kwenye simu. Walimpata Ngatia, fundi wa Kianyaga. Yeye aliiwasha mashine kwenye video bila kunung'unika, akakubali kulipwa ikishafika. Aliileta Tetu, ikakata nyasi mbele ya Muchiri. Warigia alisoma jina la karakana ya Ngatia kwenye simu, akalinganisha na risiti, ndipo akalipa.

Sasa nyasi hukatwa kabla chai ya jioni haijachemka. Kidole cha Muchiri kimepona. Maziwa yameongezeka, maana nyasi hukatwa vipande vidogo na ng'ombe hawabakizi tena mabua.

Jumamosi moja Warigia alimpelekea Jigna maziwa ya asubuhi. Jigna alitaka kulipa.

"Weka pesa yako," Warigia alisema. "Haya ni ya asante. Na nimeyakamua mwenyewe nikiona."

Jigna aliyachemsha kwa majani ya chai na tangawizi. Yule mzee akakunja gazeti, akasimama, akampisha Warigia kwenye kiti chake.