Dawa Haigawanwi Kama Ndagala

Kila asubuhi, kwenye ufuko wa Kalemie, Mama Françoise alianika ndagala, samaki wadogo waliovuliwa na mume wake usiku. Jirani yeyote aliyepita hakuondoka mikono mitupu. Ndivyo alivyolelewa.

Ndiyo maana hata dawa aliigawa.

Binti yake Annie alikuwa amekanyaga ndoana, akashikwa na homa. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Noëlla alisafisha kidonda, akampa vidonge vya kuua bakteria. Homa ikashuka. Mama Françoise akaona yamekwisha. Mume wake, Papa Anatole, alikuwa anakohoa, akampa vidonge. Jirani yao, Mama Monique, aliumwa jino, naye akapewa. Annie hakubakiwa na kitu.

Kisha mguu wa mtoto ukavimba hadi gotini. Homa ikarudi kali, hata kuitika akaitika kwa shida. Mama Françoise alimbeba mgongoni mbio mbio mpaka kituoni.

"Vidonge alimaliza?" Noëlla aliuliza.

"Tuligawana, Mama Noëlla. Papa anakohoa, jirani anaumwa jino. Kwetu muntu hali peke yake."

"Ee! Hata kikohozi cha Papa kilipata sehemu yake?" Noëlla alisema kwa upole. "Sikiliza, Mama. Bakteria ni vijidudu, macho hayavioni. Vingi havina ubaya. Lakini hivi vya kidonda vinatoa sumu inayoharibu nyama ya mwili, na vinajua kujificha ili mwili usivikamate. Dawa inaua kwanza vilivyo dhaifu. Ukiikatiza, vyenye nguvu vinabaki, vinazaana, vinapeana ujanja wa kuishinda dawa. Hivyo njo tunapata vijidudu vipya, vikali kuliko vya zamani."

Mama Françoise alishika mkono wa Annie. "Basi nimeua mutoto wangu?"

"Hapana! Umemuleta mapema. Tuko na dawa ingine. Ataimeza hapa mbele yangu, mpaka mwisho."

Na aliimeza mpaka mwisho. Uvimbe ukaisha, Annie akarudi ufukweni, safari hii na viatu miguuni.

Siku moja Mama Monique akaja, ameshika shavu.

"Jino limeamuka tena. Nipatie kidonge kamoja tu, dada."

"Hakuna."

"Ee! Umekuwa muchoyo lini?"

Mama Françoise alicheka, akamjazia sahani ndagala.

"Hizi njo za kugawana. Beba, twende kwa Noëlla akuangalie hilo jino."

Annie akatangulia, anakimbia.