Mkia wa Kondoo wa Bi Eulalia

Irasema alikuwa na desturi ya kufagia ukumbi kabla ya kuteleka kahawa. Alifagia chini ya vyungu vya maua vilivyoning'inia upenuni, akainua kichwa kuviangalia kimoja kimoja, na akifika kwenye kona ya mwisho, alipita kwa adabu kama anayepita mbele ya wakwe.

Kwenye kona hiyo ulining'inia mkia wa kondoo. Ni mmea wenye matawi marefu yanayoshuka chini, na majani yake ni manene, madogo, yamebanana kama punje kwenye gunzi la hindi. Ulikuwa wa Bi Eulalia, mama mkwe wake, naye aliurithi kwa mama yake.

"Huo usiguse," Bi Eulalia alimwambia siku ile alipoletwa kama bibi harusi. Hakumwambia karibu mwanangu, wala pole na safari. Miaka ilipita, Irasema akazaa, akalea, watoto wakaenda zao mjini Xalapa, na neno lilibaki lilelile. Huo usiguse. Lilimuuma sana. Alijua maana yake ni kwamba haaminiwi.

Kisha Bi Eulalia akapata mtoto wa jicho. Macho yote mawili yaliingia ukungu, ikabidi aende mji wa Puebla kwa mwanawe mkubwa akafanyiwe upasuaji. Siku ya kuondoka, gari likiwa linamsubiri, alimshika Irasema mkono.

"Mkia wangu nakuachia wewe," alisema. "Si Rufina binti yangu. Wewe."

Irasema alifurahi mpaka akasahau kuuliza unatunzwaje.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane ilipofika mwezi wa Juni, mvua ilinyesha kama kawaida yake. Siku hiyo mtaa mzima hutoa vyungu vya maua uani vipate mvua ya baraka. Irasema naye akatoa vyote, na safari hii akautoa na mkia wa kondoo. Baada ya mvua kubwa yakaja manyunyu ya mji wao wa Coatepec, yale yasiyojua kukoma. Akaona aviache vyungu hapohapo viendelee kunywa.

Akiwa pale uani, aliona majani ya mkia yana unga mweupe. Akashtuka. Wadudu, au vumbi la miaka yote ambayo hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akaufuta tawi kwa tawi kwa mapenzi yote. Majani kadhaa yalidondoka, lakini yaliyobaki yaling'aa.

Wiki iliyofuata majani yakaanza kuwa ya njano. Ukiyabonyeza, yanatoa maji. Upepo ukipita kidogo, yanamwagika chini kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Irasema akaurudisha mmea upenuni, akashika kichwa.

Wifi yake Rufina, aliyekaa nyumba ya pili, alikuja kuangalia.

"Una njaa huo," alisema. "Utie machicha ya kahawa. Mimi maua yangu yote nayapa kahawa."

Irasema akatia machicha ya kahawa. Majani yakazidi kumwagika.

Mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara alitazama kwa mbali tu, akatikisa kichwa. "Hilo ni jicho la husuda, mama. Funga utepe mwekundu."

Akafunga utepe mwekundu.

"Una kiu," Rufina alisema aliporudi.

"Umeshiba maji," alisema Fermín, mume wa Irasema.

"Sasa nimsikilize nani?" Irasema aliuliza. "Mmoja ananiambia nimwagilie, mwingine ananiambia niunyime. Mmea wenyewe hausemi."

Fermín alikuwa anamenya chungwa. "Nunua mwingine, utundike palepale. Mama hawezi kujua."

"Fermín, mama yako ameenda kutengenezwa macho."

Fermín aliacha kumenya. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jioni hiyohiyo simu ikalia. Bi Eulalia alikuwa amefunguliwa bandeji, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Angerudi kwa sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, mwishoni mwa Septemba.

"Nimeona mistari ya mkono wangu, Irasema. Unajua kitu ninachotaka kukiona kwanza nikifika? Mkia wangu. Miaka hii yote nimekuwa naona kivuli chake tu."

"Haya, mama," Irasema alijibu. Alipokata simu, alikaa kwenye ngazi.

Kesho yake alikata tawi moja, akalifunga kwenye gazeti, akaenda kwa Bi Chole, mwenye kitalu cha miche karibu na mto. Bi Chole alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, na mikono yake haikutoka kwenye udongo hata akiongea na padri. Alilifungua gazeti, akaguna.

"Nani amelisugua tawi hili?"

"Mimi. Lilikuwa na unga mweupe. Nilidhani wadudu."

"Ule unga ni nta yake, mwanangu. Ndiyo nguo yake ya kujikinga na jua na maji. Umemvua nguo ukamweka mvuani."

Irasema aliona haya. "Sasa wadudu nitawajuaje?"

"Unga umeenea jani zima sawasawa. Vidung'ata wanakaa kwenye maungio, vibonge vibonge kama pamba, na wananata ukiwagusa. Hao ndio wa kufuta, kwa spiriti kidogo kwenye ncha ya pamba. Na maji umetia vipi?"

Irasema alieleza yote. Mvua ya Mtakatifu Yohane, manyunyu, machicha ya kahawa. Hata utepe mwekundu hakuuficha.

"Utepe haujamdhuru," alisema Bi Chole.

"Lakini Bi Chole, mimi sielewi. Huu mmea ni wa jimbo letu hilihili la Veracruz. Mvua yetu tangu lini imeua mmea wetu?"

Bi Chole alichukua jiwe kubwa, akalimwagia maji ya kopo. Maji yakatiririka, jiwe likabaki na unyevu tu.

"Kwao ni jabalini," alisema. "Unaning'inia kwenye nyufa za majabali. Mvua inampitia, haimkalii. Wewe umemwacha kwenye mvua isiyokoma, udongo na machicha vikashika maji, mizizi imeoza. Majani yake ndiyo mtungi wake. Mtungi ukijaa, humwongezei maji, unangoja apunguze."

"Nitajuaje amepunguza?"

"Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu mpaka chini, mwagilia vizuri maji yatoke kwenye tundu la chungu. Ukiwa na unyevu, nenda kapike. Jani likikunjamana kama ngozi yangu, ana kiu. Likiwa la njano, laini, limejaa maji, ameshiba kupita kiasi."

Kumbe ni Fermín aliyepatia. Irasema aliamua kutomwambia upesi.

"Na mama mkwe ameniambia usiguse miaka yote hii," alisema polepole.

"Nani, Eulalia? Angekuambia nini kingine? Ukimgusa tu anapukutika. Mimi wateja nawapiga mikono." Bi Chole alimtazama. "Wewe ulidhani nini?"

Irasema aliinama, akaanza kulikunja gazeti.

"Basi acha kulia," alisema Bi Chole, ingawa machozi yalikuwa hayajatoka. "Kuna majani yaliyodondoka mazima?"

"Nimejaza bakuli. Nilishindwa kuyatupa."

"Basi mmea unao."

Irasema alirudi na kifuko cha changarawe nyepesi. Alikata matawi juu ya sehemu iliyooza, akayaondoa majani ya chini, akayaacha kivulini siku kadhaa mpaka vidonda vikauke. Kisha akayapanda kwenye chungu chenye tundu, udongo kidogo, changarawe nyingi. Majani mazima aliyalaza juu ya sinia la mchanganyiko huohuo, bila kuyafukia, akayanyunyizia kidogo kila yalipokauka. Sinia akaliweka upenuni penye mwanga, mvua isipofika.

Halafu akangoja. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Rufina alipokuja na machicha yake ya kahawa, Irasema alimpokea, akamkalisha, akampa kahawa yenyewe.

Bi Eulalia alifika fataki za sikukuu zikilia kanisani, na Rufina naye akaja kumlaki. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mwisho, akasimama. Palipokuwa na mikia mirefu, sasa palikuwa na vijitawi vifupi vinne.

Fermín alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Nimeuharibu, mama," alisema Irasema. "Niliunywesha mvua, nikaufuta nta yake. Sikujua. Uliobaki ndio huo, na hawa."

Akamsogezea sinia. Bi Eulalia aliinama, akasogeza uso karibu. Kwenye kila jani lililosinyaa kulikuwa na mizizi myekundu, myembamba kama uzi, na kando yake mmea mdogo kuliko punje ya mchele, wenye majani yake yote, na juu yake unga mweupe.

Alipitisha macho jani kwa jani. "Kwa macho yale ya zamani nisingewaona," alisema. "Wako wengi hivi?"

Akanyoosha kidole kuelekea kwa yule aliyekuwa mkubwa kidogo.

"Huyo usiguse, mama," alisema Irasema.

Fermín akakohoa. Rufina akatazama pembeni. Bi Eulalia alimgeukia mkwewe, akamwangalia usoni kwa macho yake mapya, halafu akarudisha mkono taratibu na kuuficha chini ya shali.

"Haya," alisema. "Sigusi."