Mkasi wa Mara ya Kumi na Moja

"Usiuguse mkasi kwanza. Acha uingie."

Amri ilitoka kwenye kidude kidogo sikioni mwa Kibiriti. Bosi wake alikuwa ndani ya Toyota nyeusi nje ya geti la hospitali, anakunywa chai, mshenzi yule.

Kibiriti alikuwa jasusi ndani ya barakoa ya muuguzi. Miezi mitatu alipachika vyombo kwenye mikono ya roboti, madaktari wakifundishwa kupasua kizazi huku wameketi pembeni wakitazama skrini. Bastola yake, Bereta, ililala chini ya trei ya pamba.

Mkasi wa roboti hutumika mara kumi, unatupwa. Genge moja hospitalini lilifuta hesabu hiyo na kuiuza mikasi iliyokwisha kama mipya. Kinara wake alikuwa Profesa, mwalimu mwenyewe wa madaktari hao. Ushahidi ulihitaji kitu kimoja: namba ya mkasi kwenye skrini, ukiwa kazini.

Mezani alilala binti mwenye uvimbe kwenye kizazi. Kabla ya usingizi alimshika Kibiriti mkono.

"Dada, nitazaa, si ndiyo?"

"Utazaa, mdogo wangu."

Kibiriti aliupachika mkasi. Ganda lake la kuzuia umeme lilikuwa na ufa.

"Bosi," alinong'ona, "utavujisha umeme."

"Namba umeipata?"

"Bado."

"Basi subiri."

"Daktari, endelea wewe," Profesa alimwambia mwanafunzi wake kwa upole. Roboti hurekodi nani anayeiongoza. Likitokea la kutokea, msalaba ni wa mwanafunzi.

Mwanafunzi akakanyaga pedali ya kuupa mkasi umeme. Kwa roboti, mkono wako hauhisi unachounguza.

Namba ikawaka.

"Nimeipata!"

"Tuma picha kwanza."

Picha ilichukua sekunde tisa kwenda. Moshi ukapanda, si kwenye ncha ya mkasi bali kwenye ufa.

"Toa mguu!" Kibiriti alibonyeza kitufe chekundu cha kuizima roboti, akachomoa Bereta. "Mikono juu, Mwalimu. Usithubutu hata kukohoa."

Profesa akatii. Mwanafunzi alikimbilia mezani, akafungua tumbo kwa kisu cha kawaida huku akilia. Alimwokoa binti. Kizazi hakikuokoka.

"Safi sana!" bosi alishangilia. "Genge zima tunalo!"

Kibiriti alikitupa kidude kwenye ndoo ya taka.

Mlangoni alisimama mama wa binti. "Sista, mwanangu vipi?"

"Yu hai, mama. Ila hatazaa. Niliuona ufa, nikasubiri."

Mama alimzaba kofi zito. Kibiriti, aliyezoea kukwepa risasi, hakulikwepa. Akaiweka sawa kofia yake, akashuka ngazi polepole, akaipita Toyota bila kuitazama.